Harambee ya Transmita: Redio na Televisheni Yetu Yaomba Mkono

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Waliotufungulia Alhamisi iliyopita saa moja jioni walisikia salamu za mtangazaji, kisha mvua juu ya mabati, kisha kimya. Paa lilivuja. Maji yalipita kwenye trei za mayai tulizobandika kuzuia mwangwi, yakashukia transmita, mtambo unaorusha sauti yetu hewani. Mtangazaji wetu alichomoa waya huku miguu imo majini, habari ambayo mamake bado hajaambiwa.

Tangu usiku ule tunarusha kwa kamtambo ka akiba. Ukivuka feri tu kutoka kisiwani Mombasa, Likoni, tumepotea. Mikindani na Jomvu wanasikia mkwaruzo wa kelele. Mawimbi ya FM hayapindi vilima, na mlingoti wetu ni mfupi, tena chumvi ya bahari imekula nati na antena. Fundi alizishika zikamvunjikia mkononi.

Televisheni ingali hewani. Tangu analogi kuzimwa mwaka 2015, picha zetu hupitia mitambo ya msambazaji wa dijitali, na kodi yake hudaiwa kila mwezi, matangazo yawepo yasiwepo. Tukiigusa akiba ya kodi tununue transmita, tutaponya redio tuue televisheni. Wapo wanaouliza mbona hatufanyi biashara. Leseni yetu ni ya jamii: faida haigawanywi, kipatikanacho hurudi kituoni, na wenye matangazo manono wanapajua pa kuyapeleka.

Si mara ya kwanza kuwabishia hodi, na tunaona haya. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikiwa baharini na stima imekatika, nyinyi ndio mliotuletea mafuta ya jenereta kwa madumu. Tukakesha tukisoma onyo la Idara ya Hali ya Hewa kwa Kiswahili cha wavuvi, wasitie vyombo majini. Mzee mmoja alileta lita mbili ndani ya chupa ya soda na akadai risiti. Alipewa.

Tanzia hatujawahi kumtoza mfiwa, wala hatutaanza. Lakini ndugu zetu wa harusi za kumbi mbili, mnaotaka salamu za bibi harusi zisomwe bure mara tatu kwa siku, mwezi huu tukumbukeni.

Harambee ni Jumamosi hii baada ya Alasiri, uani mwa studio. Kahawa na kashata zipo, mahamri wanaleta kina mama wa kipindi cha asubuhi. Toa ulichojaaliwa, shilingi 50 kwenda juu, au mabati, au siku moja ya kazi kama wewe ni fundi wa kuchomelea. Pesa zipite Paybill (namba ya malipo kwa simu) ya kituo, ile ile ya siku zote, si simu ya mtu, hata akijiita mweka hazina. Makadirio ya fundi yako mlangoni. Hesabu itabandikwa mlangoni hapo hapo ikishakaguliwa na wazee wa msikiti na wa kanisa. Atakayetoa kwa nia ya sadaka, Mola amzidishie.

Majina ya wachangaji yatasomwa hewani Jumapili jioni. Asiyetaka kutajwa aseme mapema. Wenye ahadi za mwaka jana ambazo hazijatimia, yenu tunayo pia, na mpaka sasa hatujayasoma.