Kuhusu jicho la kaka yako

Tanga, 12 Oktoba 2024

Ndugu yangu Baba Rehema,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, Mama Rehema na watoto hamjambo, na kwamba Bibi amepata nafuu ya miguu. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillahi. Salamu zako nimezipata kwa mkono wa Mzee wa Pangani, na pamoja nazo habari kuwa kaka yako ana jicho jekundu lililoingia ukungu tangu mwezi wa nane, na kwamba anajitibu kwa matone ya duka la dawa yanayompa nafuu ya siku chache, kisha hali inarudi palepale. Habari hiyo imeninyima usingizi, na ndiyo sababu ninakuandikia jambo ambalo nilikuwa nimekusudia kulificha.

Ulinilaumu kwamba sikufika kwenu Idd iliyopita, nami nikakujibu kuwa kazi zilinizidi. Sikukwambia kweli, na ninakuomba radhi. Idd ilinikuta wodini, nikiwa na kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa, mkononi, natibiwa kaswende, ule ugonjwa wa zinaa, iliyokuwa imeingia jichoni.

Jicho langu la kushoto lilianza kuwa jekundu katikati ya mwezi wa pili. Kwa kuwa ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umeenea nchini tangu Januari, kila aliyeniona alidhani ni huo, nami nilidhani hivyo hivyo. Lakini ule hutoa machozi na tongotongo, kisha kwa kawaida huisha wenyewe baada ya wiki moja au mbili, ilhali jicho langu halikutoa tongotongo. Liliuma kwa ndani, likachukia mwanga, na nikaanza kuona vidoa vyeusi vikielea mbele yangu kama nzi wadogo. Katika zahanati moja nilipewa matone yenye steroidi. Wekundu ukapungua, nikaamini nimepona, nikanunua chupa nyingine, na nyingine tena. Wiki saba zikapita namna hiyo. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba steroidi hutuliza uvimbe lakini haiui bakteria, kwa hiyo ikitumika peke yake ugonjwa huendelea kula jicho kwa ndani huku kwa nje likionekana jeupe. Ndiyo maana niliposikia kuwa kaka yako hupata nafuu kisha hali ikarudi, moyo ulinishtuka.

Daktari wa macho niliyepelekwa kwake hatimaye hakuanza na jicho. Aliniuliza kama miezi ya nyuma niliwahi kutokwa na upele usiowasha kwenye viganja na nyayo. Nilikuwa nimewahi, mwezi wa kumi na mbili, nikadhani ni chakula kilichonikataa, na ukaondoka wenyewe. Aliponipanua mboni na kutazama kwa darubini yake, aliona uvimbe umefika hadi nyuma, kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga; lakini aliniambia wazi kwamba kwa kutazama tu hawezi kujua chanzo, kwa sababu kifua kikuu na maradhi mengine huweza kulifanya jicho liwe hivyo hivyo, na kwamba jibu litatoka kwenye damu. Nilipimwa vipimo viwili vya kaswende: kimoja kinachotambua kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vimelea vyenyewe, ambacho kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona, na kingine kiitwacho RPR, kinachotoa kiwango kinachopanda na kushuka kwa kufuata ugonjwa. Kiwango changu kilikuwa 1 kwa 128, yaani damu ilipozimuliwa mara 128 bado kipimo kiliitikia. Nilipimwa na VVU, kwa kuwa maradhi haya mawili mara nyingi hufuatana, sikukutwa navyo.

Hapa naomba usome kwa makini. Kaka yako akikutwa na kaswende, asikubali kuchomwa sindano ya makalio kisha arudi nyumbani. Sindano ile ya penisilini iitwayo benzathini inatosha kwa kaswende changa ya kawaida, lakini dawa yake haifiki kwa kiwango cha kutosha ndani ya jicho, na kaswende ya jicho hutibiwa kama ile iliyoingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mimi niliwekewa penisilini ya kristali kwenye mshipa, uniti milioni 4 kila baada ya saa nne, kwa siku 14. Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, mchana na usiku, muuguzi alikuja, na sikuwahi kumsikia akinung'unika. Usiku wa kwanza nilipata homa na kutetemeka, nikaambiwa kuwa hiyo hutokea bakteria wanapokufa kwa wingi, na kulipokucha ilikwisha. Kwa kuwa sikuwa na maumivu ya kichwa wala dalili nyingine za ubongo, daktari hakuona lazima kunitoa maji ya uti wa mgongo.

Jambo zito kuliko sindano zote lilikuwa kumwambia mke wangu. Yeye alikuwa amepimwa kaswende kliniki alipokuwa na mimba ya mtoto wetu mdogo, kama wapimwavyo wajawazito, lakini mimi sikuwa nimetobolewa kidole. Kosa lilikuwa langu, nami nilimwambia hivyo. Alipimwa, hakukutwa na ugonjwa, lakini alichomwa sindano kwa tahadhari. Alikaa siku tatu bila kuja wodini. Siku ya nne alikuja na uji, akakaa hadi nilipoumaliza.

Wiki iliyopita nilirudia RPR, imeshuka hadi 1 kwa 16. Ninasoma tena kwa jicho la kushoto, ingawa katikati pamebaki doa la ukungu ambalo daktari anaamini halitaondoka.

Sisemi kuwa kaka yako ana ugonjwa huu. Ninachoomba ni apimwe damu wiki hii. Je, ni jicho moja au yote mawili? Anaona vidoa vinavyoelea? Matone anayotumia yana steroidi? Amewahi kupata upele wa viganjani, au kulalamika kuwa masikio yanavuma? Shemeji anajua? Yeye amepimwa? Na iwapo kaka ataona aibu kwenda, je, itamsaidia kama nitakuja mwenyewe Jumamosi nikaongozana naye, na unaniruhusu nimwonyeshe barua hii?

Wako,
Baba Salma