Tunasemwa hatuvai helmeti, nani ametupima vichwa?

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi za kazi.

Naandika kuhusu ile barua ya msomaji mliyoitoa wiki mbili zilizopita, aliyesema sisi waendesha baiskeli wa Morogoro ni wabishi, helmeti hatuvai, na trafiki waanze kutupiga faini. Sijakasirika, kidogo tu. Mi ni mwalimu, kila asubuhi natoka Kihonda na baiskeli yangu, napita Msamvu pale na yale malori ya Dodoma na Iringa, naingia mjini, na helmeti navaa. Ila imenichukua karibu mwaka mzima na helmeti tatu mpaka nimepata ya kuvalika, ndo maana nasema huyo ndugu yetu ama haendeshi baiskeli ama ana kichwa cha bahati.

Ya kwanza niliazima kwa shemeji yangu wa bodaboda. Elementi, kama wanavyoita wenyewe kijiweni. Ile kitu inapita kilo moja Mhariri, wakati ya baiskeli ni gramu mia tatu hivi, na imeziba mpaka masikio kwa sababu imetengenezwa kwa mtu anayesukumwa na injini na kupigwa upepo, sio mtu anayejisukuma mwenyewe kwa miguu na jua la saa saba. Nilifika shule nimelowa kama nimetoka kuoga na nguo, shingo inauma, na honi za nyuma nilikuwa nazisikia kwa mbali kama ziko mtaa wa pili. Siku tatu nikamrudishia.

Ya pili nilinunua mitumba, elfu kumi na tano, zambarau, nzuri kwa kweli, ndani imeandikwa M. Nikaivaa sekunde tano nikajiangalia kwenye kioo cha muuza miwani wa jirani, nikalipa. Kumbe sekunde tano hazisemi kitu. Nikifika Msamvu tu panja zote mbili zinagonga, nikifika shule nina alama nyekundu kwenye paji la uso, mwanafunzi mmoja wa Form Two akaniuliza kwa huruma kabisa, "Madam, umegongwa?"

Nikaenda kwa fundi cherehani wangu nikamwambia nipime kichwa. Akacheka, akasema miaka yote hiyo hajawahi kupima kichwa cha mtu labda kofia ya bibi harusi. Lakini si ndo hapo sasa! Gauni la sendoff unapimwa bega, kifua, kiuno, mpaka mkono unapoishia, kichwa ambacho ndo kimebeba akili ya kulipia hilo gauni tunakikadiria kwa macho. Tepu inapita juu kidogo ya nyusi, inazunguka kisogoni pale palipochomoza zaidi, yangu ikasema sentimita 57. Nikageuza ile zambarau, M yake ni 55 mpaka 59. Yaani namba zinakubaliana kabisa, na bado inaniumiza!

Hapa ndo nikajifunza kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Sentimita zinakupa mzunguko tu, hazisemi kichwa kina umbo gani. Wako wenye vichwa virefu kwenda nyuma kama papai, wako wenye vichwa vya duara kama chungwa, na wote wawili wanaweza kuwa na 57. Mi ni chungwa. Helmeti nyingi za Ulaya na Marekani zimefinyangwa kwa mapapai, sasa chungwa likiingia humo linabanwa pembeni halafu mbele na nyuma panabaki nafasi, na wewe kwa sababu inachezacheza unazidi kukaza kile kigurudumu cha kisogoni kinachoibana helmeti, maumivu yanazidi. Watengenezaji wengine wanalijua hilo, wanatoa za duara kwa ajili ya soko la Asia, na Japani wapo wanaotengeneza za vichwa vya kwao kabisa. Kwa hiyo ukibanwa kwenye panja tu huku paji la uso liko huru, usihangaike kuzitoa zile sponji za ndani, hiyo siyo yako, mrudishie mwenyewe.

Na sisi wanawake tuna la ziada. Ile 57 nilipimwa nikiwa nimesuka twende kilioni, nywele zimelala. Mwezi uliofuata nikasuka rasta nene, nikapima tena, 59 na nusu! Kichwa kimehama saizi na mimi niko palepale. Na ukizifunga juu, ule mtindo wa kilimanjaro, ndo usahau kabisa, helmeti inakaa juu ya mlima inayumba kama kifuniko cha sufuria la wali. Kwa hiyo pima na nywele unazosuka mara nyingi, mkia ufunge chini kisogoni usiguse kile kigurudumu, na kila ukibadilisha mtindo kaza au legeza upya. Mwalimu mwenzangu anayevaa ushungi yeye amepata njia yake, kitambaa chepesi cha pamba kisicho na mikunjo, na pini hata moja haiweki chini ya helmeti, maana ukianguka hiyo pini inaelekea wapi? Alipimwa akiwa amekivaa kabisa.

Ya tatu, hii niliyonayo, nilienda dukani nimejiandaa. Duka la kwanza, sitalitaja, helmeti zimening'inizwa zote kwenye nailoni, nikaomba kujaribu, kijana akaniambia, "Dada, ukitoa kwenye nailoni umenunua." Nikamuuliza sasa nitajuaje kama inanifiti, akasema zote ni frii saizi. Frii saizi! Kama kandambili za bafuni! Nikaondoka.

Duka la pili baba mmoja mtu mzima aliniachia benchi na helmeti nne nikakaa nazo zaidi ya nusu saa, na hapo ndo utamu ulipo, kujaribu. Inatakiwa ikae bapa, isiegemee nyuma kama kofia ya mlevi, mbele ibaki nafasi ya vidole viwili juu ya nyusi. Kabla hujafunga mikanda kaza kile kigurudumu halafu tikisa kichwa kama unayekataa deni, ngozi ya paji la uso inatakiwa icheze pamoja na helmeti, kama helmeti inacheza peke yake ni kubwa. Kisha mikanda, ile miwili ya kila upande ikutane chini kidogo ya sikio isikwaruze ndewe, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja au viwili, sio ngumi. Piga mwayo mkubwa, ukisikia helmeti inavutwa chini kidogo uko sawa. Mwisho isukume kwa mkono kutoka nyuma kwenda mbele, ikikufunika macho mikanda imelegea au saizi sio yako. Baada ya hapo kaa nayo dakika kumi na tano unapiga stori. Ile ya tatu kati ya zile nne niliisahau kichwani nikawa naitafuta kwenye benchi, nikajua ndo yenyewe.

Bei sitaki kusema, mume wangu anasoma gazeti hili.

Watu wataniuliza kwani kufiti kunabadilisha nini, si kuvaa tu. Inabadilisha. Ndani ya helmeti kuna lile foamu gumu jeupe, ndugu yake na lile linalokuja na TV mpya kwenye boksi, kazi yake ni kupondeka badala ya fuvu lako, na linapondeka mara moja tu, halirudi. Vipimo vyenyewe, wa Ulaya EN 1078 na wa Marekani CPSC, wanaidondosha helmeti kutoka kama mita moja na nusu mpaka mbili, yaani urefu wa mtu kuanguka na baiskeli. Lori likikupanda hiyo ni habari nyingine, tusidanganyane. Ila hata kwa huo muanguko wa kawaida, kama helmeti imeshakimbilia kisogoni, paji la uso linafika kwenye lami la kwanza.

Ndo maana hata mitumba siku hizi naogopa, japo sisemi watu waache kwa sababu najua mifuko yetu. Hujui ilishaanguka na nani huko ilikotoka. Angalau toa sponji uangalie foamu kama lina ufa, tafuta karatasi ndani yenye mwaka wa kutengenezwa na moja ya zile alama, bonyeza klipu mara kumi uone kama inashika.

Na wazazi wenzangu, helmeti sio sare ya shule. Namuona mtoto pale mtaani kwetu kanunuliwa kubwa "atakulia humohumo", inamzunguka, akigeuka kulia yenyewe bado inaangalia mbele. Tena watoto ndo wanaoanguka kila siku.

Huyo msomaji wenu alitolea mfano mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali mwaka 2025, kwamba wote wamevaa kwa nini sisi tushindwe. Sawa, niliyaangalia, nilifurahi sana dunia nzima kuja kupanda vilima vya Rwanda. Lakini hata hao mabingwa walikuwa wabishi! Mwaka 1991 kwenye Paris–Nice, mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, waligoma kabisa kulazimishwa helmeti, joto lilikuwa moja ya malalamiko yao. Sheria ikaja kushika mwaka 2003 baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kuanguka kwenye mashindano hayohayo na kufariki, na hapo katikati helmeti zenyewe zilishakuwa nyepesi zikatobolewa matundu ya hewa, na leo timu zao zinapewa saizi zao na watu wa kuwarekebishia. Mimi napewa nailoni.

Kwa hiyo faini sipingi, ila kabla ya faini ninaomba wenye maduka waweke tepu ya mia tano na kioo, waturuhusu kujaribu, waagize saizi zaidi ya moja na maumbo zaidi ya moja. Mimi tepu yangu naweka kwenye kimfuko cha chini ya siti, fundi baiskeli wangu wa pale Msamvu ameshaizoea, wateja wake wanapima wanabishana nani ana kichwa kikubwa, mpaka sasa anaongoza muuza mahindi wa kuchoma, 62. Huyo msomaji naye akipita aje, namtafutia kwanza kama ni papai au chungwa.

Lile duka la kwanza nililipita juzi. Zile helmeti bado zimening'inia kwenye nailoni zao, ile nyekundu ya mbele imeshapauka na jua, inaelekea kuwa ya pinki.

Mwalimu wa Kihonda,
Morogoro