Barua kwa mwanangu mpiga chelo

Mwanangu mpendwa,

Umesema mazoezi ya kwanza ya trio yenu ya piano, fidla na chelo yalikwenda mrama, na kila mmoja akamtupia mwenzake lawama. Acheni kugombana. Mara nyingi tatizo liko kwenye piano, na nasema ala yenyewe, si anayeipiga.

Piano hairekebishwi katikati ya onyesho. Ikiwa A yake imewekwa Hz 442 (mitetemo 442 kwa sekunde) badala ya 440, fidla na chelo ndizo zitakazoifuata. Kuchukua A ya uzi wako wa juu peke yake hakutoshi. Ukilinganisha nyuzi zako kwa sikio hadi mawimbi yatulie, nafasi kati ya uzi na uzi huwa karibu senti 702 (senti ni sehemu moja ya 100 ya nusu toni, yaani ya hatua kati ya kitufe kimoja cha piano na kinachofuata). Nafasi hiyo hiyo kwenye piano ni 700. Toka A ushuke D, G, hadi C: hatua tatu, na tayari C yako iko senti 6 chini ya C ya piano. Utadhani si kitu, mpaka mkae watatu kwenye akordi (sauti kadhaa kwa pamoja) ndefu ya C meja. Kwa hiyo mwombe mpiga piano akupe sauti za nyuzi zako zote nne, moja moja. Wa fidla naye afanye vivyo hivyo. Uzi wake wa E hupanda senti 2 juu ya E ya piano.

Jambo la pili ni namna sauti inavyozaliwa. Nyundo ya piano ikigonga, sauti hufika kileleni papo hapo, kisha huanza kufa. Uzi wako wa C ni mnene, unachelewa kuitika. Ukianza kuvuta upinde pale unaposikia piano, umeshachelewa. Upinde uwe umelala juu ya uzi kabla ya ishara, nywele zimeushika. Ishara yenyewe ni pumzi ya pigo moja, kwa mwendo ule ule mtakaoanza nao. Pumzi ya polepole kabla ya kipande cha haraka huzaa mianzo mitatu tofauti. Mwishoni geuza kazi: tazama mguu wa mpiga piano. Kanyagio likiachiwa, upinde nao uondoke.

Wapiga chelo hunung'unika kwamba mtunzi Haydn kawapa kurudia tu mkono wa kushoto wa piano. Mimi nasema wanakosea. Piano za zama zake zilikuwa na besi nyepesi na chelo ndiyo iliyoipa mwili. Piano ya leo ina fremu ya chuma, na besi yake ni nzito. Mkono ule ukipigwa kwa nguvu, unakuzamisha. Mwombe aupunguze, kisha mfanye mazoezi ya mistari hiyo miwili bila fidla. Msikimbilie kufunga kifuniko cha piano: sauti kali hupungua, lakini besi hubaki na kuwa tope.

Trio ya mtunzi Mendelssohn ya D maina (1839) ni nzuri kujipima. Unaanza wewe na wimbo, piano chini yako ikipiga akordi zinazoangukia kati ya mapigo. Ukinyoosha noti ndefu kwa kujifurahisha, akordi zile hazina pa kushika. Hesabu ndani ya noti, hasa pale unapobadilisha upinde.

Mpiga piano ana noti za wote watatu mbele yake. Wewe una mstari wako tu. Tafuta nakala kamili, na kila penye mapumziko marefu andika kwa penseli anachopiga mwenzako kabla hujaingia. Ukae upande wa mkunjo wa piano, kiti kikigeuka kidogo ili umwone uso bila kupinda shingo. Na ubebe mkanda wa kushikia mguu wa chelo, kwa maana sakafu ya jukwaa huwa imeng'arishwa na ncha ile huteleza pale pale unapokandamiza upinde.

Baba yako