Kwa nini kusajili rimoti ya geti hatufanyi kwa bei ya kukopi

Lalamiko hili limerudi tena wiki iliyopita, safari hii kwa hasira: "Mmekuja, mmebonyeza vitufe viwili, mmeniandikia risiti! Kariakoo wanakopi rimoti kwa hela ya chakula cha mchana." Mteja aliamini tumempiga. Tunajibu hapa hadharani kwa sababu wengine wengi mnawaza hivyohivyo ila mnaona aibu kusema.

Rimoti nyingi za mageti tunazokutana nazo hapa Dar zinatumia masafa ya 433.92 MHz, na ndiyo maana watu hudhani zote ni kitu kimoja. Sivyo. Zipo za kodi moja, ambazo kila ukibonyeza zinatuma namba ileile, leo na mwakani. Mashine ya kukopi inainasa namba hiyo na kuirudia kama ilivyo. Zipo pia za kodi inayobadilika: kila ukibonyeza inatoka namba nyingine, na resiva, yaani kifaa kilichoko getini kinachopokea ishara ya rimoti, inajua ipi inafuata. Hiyo haikopiwi kwa mashine ya mezani. Lazima fundi aifikie resiva yenyewe aisajili rimoti humo.

Kopi ya bei rahisi inafungua geti, hatubishi. Shida yake ni kwamba kopi na rimoti mama zina namba moja. Ukikopi tano, resiva haioni rimoti sita, inaona moja tu. Dereva uliyeachana naye akiondoka na yake, huwezi kumfuta peke yake. Ukifuta namba ile, nyumba nzima inabaki nje. Mama mmoja wa Mikocheni alikopia watoto, mlinzi, dada wa kazi na shemeji yake. Pochi ya binti ikaporwa, rimoti ikiwa ndani pamoja na kitambulisho. Tulifuta yote na kumuuzia rimoti mpya za watu wote. Angesajili kila moja tangu mwanzo, tungefuta ya binti tu na kuondoka.

Na kodi moja si siri kubwa. Mwaka 2015 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Samy Kamkar, alichukua kifaa cha kuchezea watoto, akakirekebisha, akaonyesha kinavyoweza kufungua milango ya gereji ya kodi moja kwa sekunde zisizozidi 10. Geti lako la milioni kadhaa, ukuta wenye nyaya za umeme juu, halafu ufunguo ni namba isiyobadilika!

Sasa hivyo "vitufe viwili". Kabla ya kuvigusa tunafungua boksi la resiva na kulinganisha rimoti zilizomo kwenye kumbukumbu ya resiva na watu wa nyumba hiyo. Mara nyingi zimezidi: za mpangaji aliyehama, za fundi bomba. Tunafuta zisizo na mwenyewe, kila inayobaki tunaipa nafasi yake, na daftari la nafasi hizo tunamwachia mwenye nyumba, si mlinzi. Kisha tunaangalia antena. Kwa masafa haya waya wake unatakiwa uwe na urefu wa sentimita 17 hivi, robo ya wimbi, na usimame wazi. Nyumba moja ya Msasani tuliukuta umekunjwa ndani ya boksi kama kamba ya kiatu. Mzee wa watu alikuwa ameshauziwa rimoti mpya mara mbili, kumbe za zamani zilikuwa nzima. Tuliunyoosha waya, akafungua geti akiwa bado barabarani.

Betri ndiyo inayotuumiza roho. Rimoti nyingi zinatumia betri ndogo ya volti 12, aina ya 23A au 27A. Urefu wake karibu ni mmoja, ila 27A ni nyembamba. Mtu ananunua 27A akaipachika penye 23A, inacheza, basi anajazia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tulifungua rimoti ya namna hiyo Mbezi Beach: ile karatasi ilikuwa imegusanisha ncha mbili, betri imevuja, na vile vyuma vya kushikia vimeota kutu ya kijani mpaka kwenye bodi. Hewa ya bahari ikapata pa kuanzia. Betri ni hela ndogo, rimoti ile ikatupwa. Geti likianza kukutaka usogee karibu zaidi kuliko zamani, badilisha betri siku hiyohiyo. Vyuma vikiwa na ukungu, vipanguse kwa spiriti na pamba; maji hapana.

Ukitoka safari rimoti ya kodi inayobadilika ikakugomea wakati betri ni nzima, huenda mtoto aliichezea mbali na geti. Katika KeeLoq, mmoja wa mifumo ya kodi inayobadilika, resiva inavumilia mruko wa hatua 16, yaani mibonyezo ambayo haikuisikia. Ukizidi hapo, lisogelee geti na ubonyeze mara mbili mfululizo. Jaribu kwanza, halina malipo.

Kazi iliyotutesa kuliko zote ilikuwa jengo la wapangaji ambako rimoti zote ziligoma asubuhi moja. Mwenye jengo alishaambiwa mota imekufa. Mota ilikuwa nzima: tulipoifungua kwa ufunguo wa mkono na kuipima, haikuwa na kosa. Tukaomba wapangaji waangalie rimoti zao, na moja tukaikuta kwenye mfuko wa mlango wa gari, chaja ya simu imeilalia kitufe, taa inawaka mfululizo. Ilikuwa inapiga kelele kwenye masafa yaleyale, resiva haisikii mwingine.

Ada yetu ni ya safari na ukaguzi, iwe rimoti moja au nne. Kwa hiyo ukituita, kusanya zote, hata iliyoko kwa dereva, na utafute ule ufunguo wa kufungulia mota kwa mkono kabla hatujafika.