Riwaya za wapenzi wa shule

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna watu wanasema riwaya za wapenzi wa sekondari wanaokutana tena ukubwani zinavunja ndoa za watu, mi nauliza wamezisoma kweli? Chukua The Best of Me ya Nicholas Sparks ya 2011, Dawson na Amanda walipendana 1984 kwenye kamji ka Oriental, North Carolina, Marekani, jamaa katoka ukoo wa wahalifu, binti ni wa kishua, wazazi wakagoma, ikaishia hapo. Miaka 25 baadaye wanaitwa kutimiza wosia wa mzee Tuck, fundi magari aliyemhifadhi kijana gerejini kwake, jamaa keshakaa jela kwa ajali iliyomuua daktari na sasa anapiga kazi kwenye kisima cha mafuta baharini, Amanda naye kaolewa na daktari wa meno mlevi, watoto wapo. Na hawarudiani! Amanda anarudi kwa familia yake. Mwisho ndo umenikera, Dawson anauawa halafu moyo wake anawekewa mtoto wa Amanda, jamani, hiyo si filamu ya Kihindi? Ila yule mzee Tuck anayeongea na marehemu mkewe kanishika kuliko wote. Basi Mhariri, mtuwekee hadithi za mfululizo za watu wazima, za vijana wa miaka 18 tumezichoka.