Barua kwa mwanangu: hiyo fimbo iwekeni kwanza

Mwanangu Kabula,

Hujambo? Huku Kirumba tu wazima. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huwa kwenye spika na Masanja yupo pembeni, na leo nina maneno na mama yake.

Unasema mtoto amekuwa mwongo, baba yake keshatafuta fimbo. Iwekeni kwanza. Afisa ustawi wa jamii alituambia kwenye mkutano wa mtaa kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikubali adhabu inayozidi umri na hali ya mtoto. Na hata isingekuwepo sheria, mtamchapa kwa jambo analolisikia humo humo ndani?

Ile Jumapili niliyolala kwenu Igoma, wenzako wa kikoba walikupigia. Ulikuwa bado na khanga, kikombe cha chai mkononi, ukawajibu, "Nimeshapita Buzuruga, naingia Mabatini." Masanja akakutazama, akatazama mlango, akaendelea na andazi lake. Jioni yule anayekudai hela ya vitenge akabisha hodi, ukamtuma mtoto akaseme mama hayupo. Akasema vizuri kabisa, ukampa soda. Leo akikwambia mwalimu hakutoa kazi, unashangaa nini?

Likizo ile alipokuwa kwangu, mvua ilitusumbua na dagaa tuliowaanika chini wakabeba mchanga. Mteja wa Kahama akauliza kama ni wa chanja. Kabla sijafungua mdomo mjukuu wangu akadakia, "Tulianika mchangani, hata mimi nilisaidia." Mteja akashusha bei, nikauza hivyo hivyo. Iliniuma, sikufichi, na mteja mwenyewe hajarudi mpaka leo. Lakini sikumfokea. Ningemfokea angejua ukweli kwa bibi una adhabu.

Mpigie mwenye vitenge, Masanja akiwepo, umwambie utalipa lini. Siku ikifika nendeni naye mkalipe, hela azishike yeye. Akivunja sahani akaja kusema mwenyewe, okoteni vigae pamoja, kofi lisitangulie. Kuhusu daftari, likague kila jioni, hilo halihitaji barua. Baba yake naye mwonyeshe haya, kwa upole, unamjua alivyo.

Desemba mlete, nina kazi ya kumpa. Dagaa nimempa kondakta wa daladala ya Igoma, hawa ni wa chanja. Nauli ya mzigo sijamlipa, utamlipa wewe.

Mama yako