Dada zangu wa Beirut, someni hii leo

Dada zangu, poleni na kazi za ndani hapa Lebanon. Uwanja wa ndege ulifungwa Machi 18, 2020 kwa sababu ya korona, kwa hiyo usimpe dalali yeyote pesa za tiketi kabla hatujathibitisha. Mwenye homa, kikohozi au anayepumua kwa shida apige 140, Msalaba Mwekundu. Hata kama pasipoti iko kwa madam, yaani mwajiri wako, piga. Usijifungie chumbani ukiumwa, nawasihi.

Mmeona wenzetu Waethiopia walivyoachwa na waajiri nje ya ubalozi mdogo wao, na mabegi yao. Likikukuta, nipigie saa yoyote, hata usiku wa manane. Tuna unga, mchele, pedi na godoro mbili.

Mnaolala kwa waajiri, nitumieni anwani zenu inbox, si hapa. Ukikaa kimya siku mbili, tutakutafuta.